Uso wa Nje, Uso wa Ndani: Uhakiki wa Barakoa ya Mshika Chakula

Barakoa ya kawaida, ile ya buluu kwa nje na nyeupe kwa ndani inayouzwa kwa boksi la vipande 50, ina vijenzi vichache mno. Kuna mstatili wa kitambaa kisichofumwa, kuna mikunjo inayolaliana katikati, kuna waya laini uliofichwa kwenye ukingo wa juu, na kuna mipira miwili ya masikio. Pambo halimo. Msomaji aliyezoea kazi za sanaa zenye fani finyu anajua kwamba katika kazi za namna hiyo hakipo kijenzi kinachoweza kupuuzwa bila kazi nzima kuyumba. Hapa ninaisoma barakoa ikiwa usoni mwa watu wa chakula, yaani mpishi, mkata minofu, muuza nyama, mpakuaji wa kantini na kijana wa kibanda cha chipsi, kwa kuwa nadhani hapo ndipo umbo lake linapojaribiwa kwa ukali kuliko hata katika chumba cha upasuaji. Mpasuaji ana msaidizi wa kumfunga kamba, kazi yake ina mwanzo na mwisho unaojulikana, na wala hakuna mgonjwa anayemwita kutoka meza ya pili kumwomba pilipili.

Asili ya umbo hili ni uchunguzi wa usemi. Mwaka 1897 huko Breslau, mji ambao leo ni Wrocław nchini Polandi, Carl Flügge alionyesha kwamba mtu anapozungumza, hata kwa sauti ya kawaida, hurusha vitone vya mate vyenye bakteria. Mwaka huohuo Johann Mikulicz, mpasuaji wa mji uleule, akaanza kujifunga shashi ya tabaka moja kinywani, naye Paul Berger akafanya vivyo hivyo jijini Paris. Mwaka uliofuata Hübener, aliyefanya kazi na Mikulicz, akapendekeza tabaka mbili. Tangu mwanzo, basi, barakoa ni kizuizi kilichotungwa dhidi ya maneno, na mlengwa wake hakuwa mvaaji bali kidonda kilichokuwa wazi chini ya pua yake. Jikoni nafasi ya kidonda imechukuliwa na sinia. Janga la UVIKO-19 liliuvuruga usomaji huu, kwa kuwa lilitufundisha kuiona barakoa kuwa kinga ya mvaaji na jirani yake, ilhali chakula chenyewe hakikuwa njia ya kawaida ya kusambaza virusi hivyo. Wengi walirudi jikoni wakiwa na somo hilo la janga. Ndiyo maana utamwona mpishi akiipandisha barakoa mteja anapokaribia na kuishusha anapobaki peke yake na sufuria. Huyo amekosea hadhira.

Hoja kuu ya umbo imebebwa na tabaka tatu. Ile ya nje imetengenezwa isipitishe majimaji kwa urahisi. Ile ya kati, ya nyuzi za polipropileni nyembamba kupindukia, ndiyo inayochuja. Ile ya ndani hupokea unyevu wa pumzi na mate. Mpangilio huu ukigeuzwa haubaki na maana ileile, na sifa hiyo nitaiita kutopindulika. Mwenye kuivaa ndani-nje huweka midomoni tabaka inayokataa maji, ikamrudishia unyevu wa pumzi yake mwenyewe, na ile inayonyonya akaielekeza kwenye mvuke wa sufuria na michirizi ya mafuta. Rangi ya buluu haikuwekwa kupendeza. Ni alama ya upande, nayo inasomeka hata na mtu aliyeamka alfajiri kuwasha jiko akiwa na usingizi machoni. Mwaka 2020 yalizunguka madai kwamba mgonjwa aelekeze buluu nje na mzima aelekeze nyeupe nje. Hayana msingi wowote katika umbo, kwa kuwa hakuna tabaka inayobadili kazi yake eti mvaaji ana mafua.

Kutopindulika huku ndiko kulikowashinda baadhi ya mafundi cherehani wetu walipoanza kushona barakoa za vitambaa mwaka huo. Uzuri wa kitenge cha nta ni kwamba rangi imezama pande zote mbili, hata mwenye gauni hana haja ya kuulizwa kama amelivaa kinyume. Kwa gauni hiyo ni fadhila, kwa barakoa ni kasoro ya fani. Mama lishe aliyevaa barakoa ya kitenge ndani na nje akiivua ili aonje mchuzi, akaiweka mezani, kisha akaitwa na mteja, akiirudisha hana namna ya kujua ni upande upi uliogusa midomo yake na upi uliogusa meza iliyokatiwa samaki. Macho yake ni mazima na nia yake ni njema, lakini kitambaa kimemnyima habari. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa Juni 2020, lilipendekeza barakoa ya kitambaa yenye tabaka tatu, ya ndani inyonye unyevu kama pamba inavyofanya na ya nje iukatae kama poliesta. Fundi aliyetia bitana nyeupe ndani alikuwa amepiga hatua kubwa kwa mita chache za kitambaa rahisi: pande zikatofautiana kwa mtazamo mmoja, na uchafu ambao maua ya kitenge huuficha kwa ustadi mkubwa ukaanza kuonekana. Barakoa ya namna hiyo hufuliwa kila siku kwa sabuni na maji ya moto, yawe na nyuzijoto 60 au zaidi ikiwezekana. Bitana nyeupe hulidai jambo hilo bila kuhitaji tangazo ukutani.

Kwenye mikunjo sitakaa sana. Inatakiwa ifunguke kuelekea chini kwa upande wa nje ili isifanye vijifuko vya kukusanya vitu, na anayetaka kuona sababu aende kwa mwoka mikate. Mikunjo iliyogeuzwa juu hujaa unga mpaka ukaonekana mweupe juu ya buluu, na barakoa ikitikiswa unga huo, ambao sasa umechanganyika na unyevu wa pumzi, unarudi kwenye kinyunya.

Kijenzi ninachokipenda kuliko vyote ni waya wa pua, nacho ndicho kinachodharauliwa kuliko vyote. Kazi yake ni kuugeuza mstatili bapa kuwa umbo la uso wa mtu huyu mmoja, na bila waya huo barakoa hubaki ya kila mtu, yaani isiyo ya mtu yeyote. Mvaaji anatakiwa aubonyeze kwa vidole vya mikono yote miwili, akianzia juu ya pua na kushuka mashavuni. Wengi huuacha ulivyotoka boksini. Yanayofuata yanafuatana kwa mantiki kama vitendo katika tamthilia iliyosukwa vizuri: pumzi ya moto inapanda juu, miwani inaingia ukungu, asiye na miwani anahisi joto likimpanda machoni, mvuke wa sufuria unakamilisha kero, na hatimaye barakoa inashushwa chini ya pua. Msimamizi wa zamu atauita uzembe. Mimi nauona ni mwisho uliokwisha kuandikwa tangu waya ulipoachwa umenyooka, na onyo la msimamizi halitaubadilisha mpaka mtu afundishwe kubonyeza.

Na pua si kiungo cha kuachwa nje. Bakteria aina ya stafilokoka, Staphylococcus aureus kwa jina lake la kitaalamu, huishi puani mwa takribani mtu mmoja kati ya kila watatu au wanne walio wazima kabisa, bila kuwasumbua. Akifika kwenye chakula kilichokwisha kupikwa, tuseme nyama iliyokatwa vipande, keki ya krimu au saladi ya viazi, na chakula hicho kikakaa kwenye joto la kawaida, huzaana na kutoa sumu inayostahimili kuchemshwa. Mlaji huanza kutapika ndani ya saa chache, wakati mwingine hata nusu saa. Kupasha moto upya hakusaidii, kwa sababu bakteria atakufa na sumu itabaki. Kwa hiyo barakoa iliyoning'inia chini ya pua si nusu ya barakoa, kama wanavyodhani wanaoivaa hivyo kwa kujipa moyo. Inafunika mlango wa maneno na kuyaacha wazi makazi ya bakteria, huku ikimpa mteja picha ya usafi uliotimia. Katika uhakiki tungesema kwamba umbo limebaki na ishara na kupoteza tendo.

Waya huohuo kiwandani ni mtuhumiwa. Ukichomoka ukaingia kwenye nyama ya kusaga, ni kitu kigeni ndani ya chakula, tena chenye ncha. Ndiyo sababu zimetengenezwa barakoa ambazo kipande chake chochote kikidondoka kinanaswa na mashine ya kugundua metali. Ndiyo sababu pia buluu inapendwa sana katika kazi hii, kwenye glovu na kwenye plasta za vidole: vyakula vya rangi hiyo ni nadra, na kipande kilichopotea kitaonekana. Rangi moja, basi, inafanya kazi mbili, ya kuonyesha upande na ya kufichua kilichodondoka.

Nije sasa kwenye mipira ya masikio, ambayo ilibuniwa kwa ajili ya wepesi na ambayo udhaifu wake wote unatokana na wepesi huo. Mtazame kijana wa chipsi mayai saa moja jioni, kibanda kikiwa kimejaa. Mkono wa kulia unakoroga mayai. Mteja anauliza kama kuku wameisha. Kijana anaivuta barakoa hadi kidevuni kwa kidole cha shahada, anajibu kwa sauti ya kushinda kelele za bodaboda, kisha anairudisha kwa kuibana katikati, palepale pa mbele, kwa vidole viwili. Vidole hivyo vinachota kachumbari na kuilaza pembeni ya sahani. Anapokea noti ya elfu mbili, anatoa chenji, anarudi kwenye kachumbari.

Katika tukio hili kuna kejeli ambayo mwandishi wa tamthilia angejivunia. Kifaa kilichotungwa kuzuia mate ya mtu anayesema kimeondolewa kwa zile sekunde pekee ambazo kijana alisema. Muda wote aliokuwa kimya kilikuwa mahali pake. Zaidi ya hapo, uso wa ndani umeshuka ukakutana na jasho la shingo na vinyweleo vya ndevu, ukarudi navyo kinywani. Lakini zito kuliko yote ni safari ya vidole, ambayo nitaiita mguso rejeshi: mkono unatoka kwenye chakula, unakwenda usoni kwa kisingizio cha barakoa, unarudi kwenye chakula. Pengine kijana huyu angekuwa uso wazi asingejigusa mara nyingi kiasi hicho. Homa ya matumbo, virusi vya homa ya ini aina ya A na magonjwa mengi ya kuhara husafiri kwa mikono kuliko kwa pumzi, na kachumbari haipiti motoni kusahihisha kosa la mtu. Barakoa inayoualika mkono usoni imekuwa daraja la kile ilichowekwa kukizuia.

Dhidi ya mipira zipo kamba nne za kufunga kisogoni, umbo kongwe lililobaki kwa wapasuaji na ambalo wanunuzi wa vifaa vya jikoni hulikwepa kwa kuwa linachelewesha. Ucheleweshaji huo kwangu ni fadhila. Anayetaka kuishusha lazima aache kisu, apeleke mikono yote miwili nyuma ya kichwa, na aamue kweli kwamba anaivua. Hakuna njia ya nusu nusu ya kidole kimoja. Kamba za juu zinaweza kufunguliwa barakoa ikaning'inia kifuani, hilo ni kweli, ila hata hapo mvaaji anajua amevua, ilhali aliyeishusha kidevuni huwa anadhani bado amevaa.

Limebaki suala la muda, ambalo halionekani ukiitazama barakoa mezani. Barakoa kavu na barakoa iliyolowa si kitu kimoja, ingawa ni kitambaa kilekile usoni mwa mtu yuleyule. Katika ukumbi wa minofu wa kiwanda cha samaki, watu husimama kwenye meza za chuma, miguu ndani ya gambuti juu ya sakafu isiyokauka, barafu pembeni, na minofu ya sangara ikipita mikononi. Pumzi ya joto inakutana na kitambaa kilichopozwa na hewa ya baridi na kugeuka maji. Kitambaa kinaganda kwenye midomo, kupumua kunakuwa kazi, na pua inaanza kutafuta njia ya nje kwa mara ya pili, safari hii waya ukiwa hauna hatia. Dawa yake ni kubadilisha ikishalowa, na kila mtu anapotoka kwenda kula au msalani asirudi nayo. Kuivua nako kuna utaratibu wake: unashika mipira au kamba, hugusi mbele, unaitupa kwenye pipa la kifuniko cha kukanyaga, unanawa. Mahali pabaya kuliko pote pa kuihifadhi ni mfuko wa aproni, maana humo hukunjamana, uso wa ndani ukalalia kitambaa cha kufutia meza, na kutopindulika kote kukaishia hapo.

Nimewataja watu wa sangara kwa makusudi. Kati ya 1997 na 1999 Umoja wa Ulaya uliwawekea samaki wa Ziwa Victoria marufuku zilizofuatana, mara kwa hofu ya kipindupindu, mara kwa tuhuma za kuvua kwa sumu, na viwanda vya pembezoni mwa ziwa vikalazimika kupanga upya kila kitu, kuanzia mialo ya kupokelea samaki hadi mavazi ya wafanyakazi. Mtu angetarajia kwamba sheria zilizokuja baadaye zingeipa barakoa kifungu chake. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 852 ya mwaka 2004 inamtaka kila afanyaye kazi panaposhughulikiwa chakula adumishe usafi wa hali ya juu wa mwili na avae nguo zinazofaa, safi na, inapohitajika, za kinga. Barakoa haikutajwa. Ninaupenda utunzi wa sentensi hiyo kwa ukimya wake: mzigo wote umewekwa kwenye sharti la mwisho, linalomlazimu mwenye kiwanda asome kazi yake mwenyewe kabla ya kununua chochote. Wapi inahitajika? Panapokatwa na kupangwa chakula ambacho hakitapita motoni tena, na pale mtu anapozungumza akiwa ameinamia sinia. Mwenye kuhara au kutapika hahusiki na swali hili, kwa kuwa anatakiwa kuwa nyumbani, na msimamizi anayempa barakoa badala ya ruhusa amefanya kosa ambalo hakuna tabaka ya kulichuja.

Siwezi kumaliza bila kuitaja ile ngao ya plastiki angavu inayokalia kidevu na kuinuka mbele ya midomo, ipendwayo na hoteli zenye meza za kujipakulia. Kwa mtazamo wa kwanza ni kazi nadhifu: inaoshwa kwa sabuni, haivuti unyevu, tabasamu la mhudumu linaonekana. Lakini iko wazi juu na pembeni, pua iko nje kabisa, na mate yanayogonga plastiki yanateremka taratibu hadi kwenye mfereji wa kidevuni, yanakotuama yakingoja mhudumu ainame kupakua. Inazuia baadhi ya vitone vikubwa vinavyokwenda mbele, sitaki kuionea. Hata hivyo hadhira yake ni mgeni aliyelipia chumba, na kila uamuzi wa umbo lake umefanywa kwa ajili ya macho ya mgeni huyo. Chakula kimepewa kilichobaki.

Hukumu yangu, basi, haiwezi kuwa moja kwa majiko yote. Kwa ukumbi wa minofu, kwa mwoka keki za krimu, kwa mpakuaji wa kantini ya shule anayeongea na watoto mmoja mmoja, nachagua tabaka tatu, waya uliobonyezwa na kamba za kisogoni, pamoja na akiba ya kutosha ya kubadilisha katikati ya zamu. Kwa mkaanga chipsi anayefanya kazi peke yake, akipika, akijibu na kupokea hela kwa mikono miwili hiyohiyo, barakoa ya mipira ni mapambo yenye madhara mpaka kwanza kuwe na kijiko cha kachumbari, mtu mwingine wa kushika hela, na maji yanayotiririka. Mwenye kibanda akiniuliza kati ya boksi la barakoa na ndoo ya bomba yenye sabuni anunue kipi kwanza, nitamwambia anunue ndoo, na akipata hela ya barakoa atafute zenye kamba.